Gari Dogo la Kasi Lilizaliwa Gereji

Alec Issigonis hakutaka gari lake liwe la mashindano. Mini, aliyoichora kwa ajili ya kampuni ya BMC na ikaingia sokoni Agosti 1959, ilitokana na uhaba wa petroli ulioikumba Uingereza baada ya mgogoro wa Mfereji wa Suez mwaka 1956. Ilikusudiwa kubeba familia ya watu wanne kwa gharama ndogo. Injini yake ya sentimita za ujazo 848 ililazwa kwa upana wa gari ili abiria wapate nafasi, giaboksi ikawekwa chini ya injini ili zitumie oili moja, na magurudumu yakawa ya inchi 10. Nguvu zake zilikuwa farasi 34. Aliyeona kitu kingine ndani yake ni John Cooper, mtengenezaji wa magari ya mbio wa Surbiton, kusini-magharibi mwa London, ambaye magari yake yalimpa dereva Jack Brabham ubingwa wa dunia wa mbio mwaka 1959 na tena 1960. Cooper alimwendea Issigonis na wazo la kuiongezea Mini nguvu, akakataliwa. Akaenda juu zaidi, kwa George Harriman, mkuu wa BMC, akakubaliwa yatengenezwe magari 1,000, idadi iliyodaiwa na kanuni za mashindano. Mini Cooper ikatoka mwaka 1961.

Kisa hicho husimuliwa kama bahati njema ya watu wawili werevu kukutana. Nakisoma vingine. Gari dogo la kasi lenye gia za mkono halikuanzia kwenye meza za wakurugenzi wa viwanda. Lilianzia kwa mafundi waliochukua gari la familia na kulifanyia kazi, kwa sababu mteja wao alikuwa na fedha za gari moja tu, naye alilitaka lifae kwa kazi za wiki na kwa mashindano ya Jumamosi. Viwanda vilifuata baadaye kununua ujuzi uliokwisha kuthibitishwa. Ikiwa ndivyo, basi kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anayebadilisha springi, breki na ekzosi za gari lake hakiuki nia ya walioliunda. Yumo katika kazi ileile iliyolizaa gari la aina hiyo. Dai hili lina wapinzani wenye hoja nzito, na ninawaheshimu kiasi cha kutaka kuwajibu mmoja mmoja, lakini ushahidi utangulie.

Mfano wa Cooper haukuwa wa kwanza. Katika miaka ya 1920 Cecil Kimber, meneja wa Morris Garages mjini Oxford, alichukua Morris za kawaida akazivika bodi nyepesi na kuzirekebisha mwendo. Jina la MG limetoka hapo. Ufaransani, Amédée Gordini, Mwitaliano aliyehamia huko, alipata sifa katika miaka ya 1930 kwa kuyafanya magari ya Fiat na Simca yaende kuliko yalivyotarajiwa, hata watu wakamwita mchawi. Renault ndiyo iliyomfuata: ikatoa Dauphine Gordini mwaka 1957, kisha R8 Gordini mwaka 1964, ile ya buluu yenye mistari miwili myeupe. Ujerumani Magharibi, Gerhard Oettinger alianza mwaka 1951 kuuza vifaa vya kuiongezea nguvu Volkswagen ya kobe, iliyokuwa na farasi 25. Na huko Italia alikuwepo Carlo Abarth, ambaye kwangu ndiye shahidi mkubwa kuliko wote.

Abarth alizaliwa Vienna mwaka 1908, akaanzisha kampuni yake Italia mwaka 1949. Baada ya vita watu hawakuwa na fedha za kununua magari ya mbio, kwa hiyo aliishi kwa kuuza ekzosi za magari ya kawaida. Fiat ilipotoa gari lake dogo la 600 mwaka 1955, lenye injini ya sentimita za ujazo 633 na farasi zaidi kidogo ya 20, Abarth aliikuza injini hiyo hadi 747 na nguvu zikakaribia kuwa maradufu. Kisha akafanya jambo lililobadilisha biashara yote: akaweka vipuri hivyo ndani ya sanduku la mbao na kuwauzia watu, ili fundi yeyote wa mtaani avifunge. Mwenye gari hakuhitaji kununua gari jipya. Alihitaji akiba ya miezi kadhaa, fundi anayemwamini na siku chache za kutembea kwa miguu. Fiat ilivumilia, kisha ikashirikiana naye na kumlipa kwa ushindi alioupata akiwa na magari yenye asili ya Fiat, na mwaka 1971 ikainunua kampuni yenyewe. Mwaka huohuo ikatoka Autobianchi A112 Abarth, gari dogo la kiwandani lenye farasi 58. Kiwanda kilifika miaka kumi na mitano hivi baada ya gereji.

Turudi kwa Cooper, maana pale kazi ya fundi inaonekana kwa uwazi zaidi. Wengi wanakumbuka kwamba Mini Cooper ilikuwa na nguvu. Wachache wanakumbuka mabadiliko yalivyoshikana. Mwendo wa pistoni ulirefushwa kutoka milimita 68 hadi 81, injini ikafikia sentimita za ujazo 997. Kabureta moja ikawa mbili za aina ya SU. Nguvu zikapanda kutoka farasi 34 hadi 55. Papo hapo, si baadaye, meno ya gia yakapangwa upya ili gia zikaribiane, mkono wa gia ukafanywa mfupi na wenye kushikika, na magurudumu ya mbele yakavuliwa breki za ngoma na kuwekewa breki za diski za inchi 7. Nguvu ilipoongezwa kwa zaidi ya nusu, uwezo wa kusimama uliongezwa pia. Mwaka 1963 ilipokuja Cooper S yenye injini ya 1,071 na farasi 70, diski nazo zikakuzwa. Katika kijiji cha Downton, kusini mwa Uingereza, Daniel Richmond alikuwa akichonga na kusafisha njia za hewa kwenye vichwa vya silinda vya injini hizohizo kwa ustadi ambao BMC yenyewe ilimwendea kutaka ushauri. Kwa Cooper S, Paddy Hopkirk na Henry Liddon wakashinda mashindano ya magari ya Monte Carlo Januari 1964 mbele ya magari makubwa, Timo Mäkinen akafuata mwaka 1965, Rauno Aaltonen mwaka 1967. Baada ya hapo mtu wa kawaida angeweza kununua vipuri vilevile kutoka idara maalumu ya BMC huko Abingdon, akavifunga kwenye Mini anayoendea kazini.

Gia za mkono katika historia hii zilikuwa hitaji la ufundi. Injini ndogo haina nguvu ya kugawa. Ukiibadilishia kamshafti na kabureta ili itoe nguvu nyingi, nguvu hiyo huhamia kwenye mizunguko ya juu, na chini ya hapo gari linakuwa zito kama limebeba magunia. Dereva analazimika kuiweka injini mahali pale pembamba inapokuwa hai, na chombo cha kufanyia hivyo ni klachi na mkono wa gia. Giaboksi za otomatiki za wakati ule zilikuwa na gia chache na zilimeza sehemu ya nguvu njiani, hasara ambayo gari la injini kubwa la Marekani liliihimili lakini Mini au Fiat isingeihimili kwa urahisi. Ndiyo maana gia za Cooper zilisogezwa karibu. Watu hawa hawakuchagua gia za mkono kwa sababu ya raha, ingawa raha ilikuja yenyewe. Na kuishi na gari la namna hiyo kulikuwa na bei yake: mguu wa kushoto uliochoka kwenye foleni, springi ngumu zilizohesabu kila shimo, kabureta mbili zilizotaka kupangwa ziende sawa kila baada ya muda, petroli zaidi. Mwenye gari alilazimika kulisikiliza, akajifunza kutofautisha sauti ya valvu iliyolegea na sauti ya beringi inayokufa. Ujuzi huo ulitoka kwa fundi ukaingia kwa mteja, na kwa maoni yangu huo ndio urithi mkubwa wa desturi hii kuliko vikombe vya ushindi.

Hapa atasimama mpinzani wa kwanza aniulize: na Golf GTI je? Gari dogo la kasi maarufu kuliko yote lilitoka ndani ya Volkswagen, kwa wahandisi wa kampuni, si kwenye gereji ya mtu. Ni kweli, na tarehe zake zinajulikana. Machi 1973 mhandisi Alfons Löwenberg aliwaandikia wenzake waraka akipendekeza gari la kimichezo. Wachache waliomwunga mkono, akiwemo mkuu wa habari Anton Konrad, walikutana na kufanya kazi hiyo pembeni, bila agizo rasmi la kampuni, wakitumia gari la majaribio lililojengwa juu ya Volkswagen Scirocco. Oktoba mwaka huo bei ya mafuta ililipuka, na Ujerumani Magharibi ikapiga marufuku kuendesha magari kwa Jumapili kadhaa. Gari la kasi lilikuwa jambo gumu kulitetea. Uongozi uliidhinisha mradi mwaka 1975 tu, gari likaonyeshwa Frankfurt Septemba ya mwaka huo, na mpango ulikuwa wa magari 5,000. Kizazi cha kwanza kiliishia kwenye magari 461,690. Kampuni ilikosea hesabu kwa namna hiyo kwa sababu haikumjua mteja ambaye akina Oettinger walikuwa wamemhudumia kwa zaidi ya miaka ishirini.

Tazama pia GTI ilikuwa nini. Ilikuwa Golf ya familia iliyopewa injini ya sentimita za ujazo 1,588 yenye farasi 110, mfumo wa Bosch wa kusukuma petroli kwa sindano ambao ulikwisha kuwepo kwenye Audi, matairi mapana zaidi, bodi iliyoshushwa kidogo na breki bora za mbele. Uzito wake ulikuwa kilo 810, nayo ilikuwa na gia nne za mkono; ya tano ilikuja mwaka 1979. Gunhild Liljequist akachagua kitambaa cha mirabaraba cha viti na kirungu cha gia kilichofanana na mpira wa gofu. Ukiacha kitambaa na kirungu hicho, kiini cha orodha ni kilekile cha Cooper: injini, mfumo wa petroli na breki. Watu walioajiriwa na kiwanda walifanya kazi ya gereji kwa njia ya gereji, kwa siri kidogo na kwa vipuri vilivyokuwa rafuni. Hoja ya mpinzani inanipa nguvu kuliko kunipunguzia.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa mlango wake yenyewe. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na miaka ya mwanzo magari yaligawanywa kwa bei yake dukani. Lilikuwa shindano la magari ya watu. Barabara zenyewe zilikuwa hakimu: mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu, na mwaka 1968 saba tena. Mini iliyotamba Monte Carlo haikuwahi kushinda hapa. Magurudumu ya inchi 10 na tumbo lililo karibu na ardhi havikupatana na tope la Aprili wala mawe ya nyanda kavu. Fundi wa hapa alilazimika kufikiri kinyume cha fundi wa Italia. Gari lilinyanyuliwa badala ya kushushwa, sampu ya oili chini ya injini ikakingwa kwa bamba nene la chuma, vyuma vikafungwa mbele kwa ajili ya wanyama, na springi zikaimarishwa ili zifike mwisho wa safari.

Mtu anayebeba historia hiyo ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho mwaka 1932, aliyejifunza ufundi katika gereji ya baba yake. Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mashindano kabla ya kufika mikononi mwao. Mwaka 1974 akashinda tena kwa Mitsubishi Lancer 1600 GSR, gari dogo ambalo nje ya Japani wachache walilijua, na mwaka 1976 kwa mara ya tatu. Wengine waliendesha kwa kasi zaidi yake. Yeye alisikia gari linapoumia na akajua la kufanya. Shekhar Mehta wa Kampala, mshindi mara tano, alishinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 kwa Datsun Violet, gari ambalo ndugu zake wa kawaida walibeba walimu na makarani. Patrick Njiru aliendesha Subaru Vivio, yenye injini isiyofika sentimita za ujazo 700, katika Safari ya 1993, na mwaka uliofuata akamaliza wa nne kwa Subaru Impreza. Colin McRae alipoishinda Safari ya 1997 kwa Impreza, jina la gari hilo lilikuwa tayari limeota mizizi Kenya.

Kwa hiyo mapenzi ya vijana wa Nairobi kwa Subaru yana asili ya hapahapa. Kilichobadilika ni njia ya gari kufika. Ukaguzi wa lazima wa Japani una gharama inayowafanya wenye magari wengi wayaachie mapema, na kwa kuwa Wajapani nao huendesha kushoto, usukani wa kulia ukaelekea kwetu. Kenya huruhusu magari yasiyozidi miaka minane. Likishafika, lina wazee wake wa kulilea: maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road mjini Nairobi, soko la Kisekka mjini Kampala, mafundi wa Gerezani mjini Dar es Salaam. Mteja wa leo ni yuleyule wa Abarth. Ana fedha za gari moja, tena lililotumika, na analitaka lifae kwa zaidi ya jambo moja.

Hoja nzito kuliko zote ni ya watu wasio na hamu na magari haya kabisa. Wanasema: mnatuamsha saa nane za usiku kwa milipuko ya ekzosi, mnashindana kwenye barabara za watu, na watu wanakufa. Hoja hii ni ya kweli na haina jibu la mkato. Nasema tu kwamba historia iko upande wa mlalamikaji, haiko upande wa anayefanya kelele. Cooper alianza na breki pamoja na injini. Wengi leo huanza na ekzosi kwa sababu ni rahisi na inasikika, kisha hukata springi kwa msumeno, jambo linaloweza kuifanya springi iruke kutoka mahali pake na matairi yagonge bodi kwenye tuta. Milipuko ile ya nyuma ni petroli isiyoungua ndani ya silinda. Inamaliza mafuta, inaua kifaa cha kusafisha moshi na haiongezi kasi. Aliyefanya hivyo amepunguza ubora wa gari, na hawezi kujificha nyuma ya jina la John Cooper.

Lakini kutoka hapo hadi kudai marekebisho yote yapigwe marufuku ni hatua ambayo ushahidi hauiungi mkono. Ujerumani, nchi yenye desturi hii tangu 1951, inataka mabadiliko makubwa yapitie kwa mkaguzi na kuandikwa kwenye hati za gari. Yasipoandikwa, gari linaweza kupoteza ruhusa ya kuwa barabarani. Mwenye gari anajua anachoruhusiwa, fundi anajua anachowajibika nacho. Hata hivyo hakuna ruhusa isiyo na kikomo: mikusanyiko ya wapenzi wa GTI iliyofanyika tangu miaka ya 1980 kando ya ziwa Wörthersee huko Austria ilikatishwa na serikali ya mtaa mwaka 2023 baada ya malalamiko ya muda mrefu. Waliopenda kelele kuliko gari waliwaponza wenzao.

Mpinzani wa mwisho anazungumza kwa upole. Anasema zama zimepita: otomatiki za leo hubadilisha gia haraka kuliko mkono wowote, na injini zenye turbo hutoa nguvu tangu mizunguko ya chini, kwa hiyo sababu niliyoitaja ya kuhitaji gia za mkono imekufa. Kuhusu kasi, amesema kweli, na Volkswagen imekubaliana naye: Golf GTI iliyotolewa upya mwaka 2024 haina tena gia za mkono. Toyota ilikwenda njia nyingine, ikaitoa GR Yaris mwaka 2020 na gia sita za mkono, kisha ikaongeza otomatiki kama chaguo. Lakini nisingependa mpinzani huyu azione gia za mkono kama mashine ya kushinda saa. Katika nchi ambayo gari huwa na karibu miaka minane siku linapoteremshwa bandarini na litaishi ishirini zaidi, giaboksi ambayo fundi wa mtaani anaweza kuishusha, kubadilisha klachi na kuirudisha kwa siku moja ni jambo la uchumi. Na dereva anayechagua gia mwenyewe hawezi kusahau kwamba anaendesha.

Kwa hiyo naomba mawili. Mamlaka za ukaguzi za Kenya na Tanzania ziweke utaratibu ulio wazi wa kukagua na kuandikisha marekebisho, ukianzia breki, matairi na springi, ili fundi mwema atofautishwe na mharibifu. Na wewe msomaji unayemjua mzee aliyewahi kuandaa magari ya Safari, mwendee na daftari umwandike: alinyanyua gari kwa kiasi gani, alikinga sampu kwa chuma cha unene gani, alifanya nini klachi ilipoisha katikati ya usiku. Majina ya madereva yako kwenye vikombe. Ya mafundi wao yako vichwani mwa wazee wachache.